Uzi: Keki ya matabaka ya embe na krimu chizi, nimeharibu mara tatu ya nne ndo imekubali, njooni niwape

#1 SufuriaNyeusi (Dar)

Wakuu heshima zenu. Mi humu jukwaa la mapishi huwa msomaji tu sichangii, ila leo nimeona nifungue uzi maana kuna kitu kimenitesa toka embe zianze kumwagika mitaani Desemba, na sasa nimekipatia, sitaki mwingine apoteze siagi yake kama mimi.

Ni ile keki ya matabaka. Chini biskuti zilizosagwa zikachanganywa na siagi, katikati jibini laini nyeupe wanaita krimu chizi, juu matunda. Inaokwa kidogo tu halafu inalala kwenye friji, unaikata vipande vya mraba. Hotelini wanakupa kipande kama kiberiti unabaki unajiuliza hii ndo yenyewe au wameniletea ya kuonja. Mume wangu siku ya kwanza namwambia nikitoka kazini napitia supamaketi nachukua krimu chizi, akanitolea macho, "nani tena kachizika?" Basi toka siku hiyo kwetu inaitwa keki ya chizi, hadi watoto.

Sasa maafa yangu. Mara ya kwanza wakwe walikua wanakuja. Nikakata embe dodo zilizoiva vizuri, sikuzipika, nikanyunyizia sukari nikamwaga juu ya jibini nikasukumia kwenye friji nikaenda kusuka. Narudi natoa trei nakuta inaogelea. Sukari imevuta maji yote ya embe, yameteremka kwenye jibini mpaka kwenye biskuti, hakuna cha kukata pale. Nikapakua kwenye vibakuli nikajifanya ndo inavyoliwa. Mama mkwe akaonja kwa kijiko akasema "uji mtamu mwanangu". Nilitamani ardhi ipasuke.

Mara ya pili nikasema kosa ni la embe, nikaweka nanasi bila kulipika, nikalichanganya na gelatini lishike. Usiku kucha kwenye friji, asubuhi maji vilevile, na pale nanasi lilipogusana na jibini pamekua pachungu kama dawa.

Ya tatu nikabana matumizi, badala ya krimu chizi nikanunua zile jibini za pembetatu zinakaa kwenye kiboksi cha duara. Naomba msicheke. Keki ilikua na chumvi kama sambusa.

Ya nne hii hapa, trei ya mraba sentimita 20.

Biskuti gramu 200, zile za ngano nzima au hata zile nyembamba za chai, ziweke kwenye mfuko uzipige na mti wa kusukumia chapati mpaka ziwe kama mchanga, siagi gramu 90 iliyoyeyuka changanya, shindilia kwenye trei kwa kitako cha kikombe, usiguseguse tu, shindilia kweli. Oka dakika 8 hadi 10 digrii 175 halafu itoe ipoe. Hapa wengi mnaruka mnasema si biskuti imeshaiva kiwandani, ni kweli imeiva lakini ukiioka tena inakauka na siagi inaishikanisha, ndo inakua ukuta wa kuzuia maji.

Katikati krimu chizi gramu 400, sukari nusu kikombe, mayai 2, vanila kijiko cha chai, na ndimu nusu. Hivi vyote vitoe friji mapema visiwe baridi la sivyo unapata madonge. Piga jibini na sukari kwanza mpaka iwe laini, mayai weka mwishoni moja moja na ukishaweka usipige tena sana maana unaingiza hewa, hewa ikipata moto keki inavimba halafu inashuka na kupasuka. Mwaga juu ya biskuti, digrii 160, dakika 25 hadi 30. Zima oveni pale pembeni ikishashika na katikati bado inacheza ukitikisa trei. Usisubiri katikati igande ndani ya oveni!! Itagandia nje. Acha ipoe mezani saa nzima ndo uiweke friji.

Tabaka la juu sasa, ambalo ndo liliniumiza. Embe 3, mbili katakata vipande vidogo, moja saga kwenye blenda uchuje maana dodo ina nyuzi. Bandika jikoni na sukari vijiko 2 na ndimu, ikianza kuchemka weka unga wa kastadi kijiko kimoja cha chakula ulioukoroga na maji ya baridi kidogo. Kastadi kwa sehemu kubwa ni wanga wa mahindi na rangi na harufu tu, na rangi yake inaendana na embe kama vile walipanga. Koroga mpaka iwe nzito, iwe inang'aa. IPOE. Ndo umwage juu ya jibini ambalo nalo limeshapoa. Halafu friji saa 4 kwa uchache, mimi nalaza usiku.

Yaani jamani adui wa hii keki ni maji. Siku nilipoelewa hilo mengine yote yalikaa sawa.

#2 KitunguuSwaumu

"Uji mtamu mwanangu" hahahaha huyo mama mkwe ana roho nzuri, wangu angepiga simu kijijini

#3 MdauWaMaabara

Mleta uzi mara ya pili hukukosea wewe, ulishindwa na nanasi. Nanasi ambalo halijapikwa lina kimeng'enya kinaitwa bromelaini, kazi yake kukatakata protini. Gelatini ni protini, imekatwakatwa itashikaje? Na jibini nalo lina protini ya maziwa, ikikatwa vile inatoa vipande vichungu ndo ule uchungu ulioonja. Ndo maana pia ukila nanasi sana ulimi unawasha.

Papai bichi tabia ni hiyohiyo, wauza mishkaki wanajua siku nyingi, nyama ngumu wanaipaka papai inalegea. Kiwi nayo ni walewale.

Dawa ni moto. Chemsha nanasi dakika chache hicho kimeng'enya kinakufa, baada ya hapo linashika vizuri na halichachui jibini. La kopo limeshapita kwenye moto kiwandani kwa hiyo halina neno.

#4 SufuriaNyeusi

Mkuu ungekuepo Januari ungeniokolea gelatini yangu. Asante sana.

#5 BiMkubwaWaKibokoni (Mombasa)

Assalam aleikum wanangu. Hiyo gelatini mwaijua imetoka wapi? Nyingine ni ya nguruwe na pakiti haisemi. Mimi na rika langu twatumia chaina grasi, ile ya mwani, ndiyo ya faluda. Yashika kwa nanasi hata bichi kwani hiyo haina protini, alivyosema huyo kijana wa maabara. Lakini ichemshwe mpaka iyeyuke yote, si maji ya uvuguvugu. Ya unga kijiko cha chai kimoja kwa kikombe na nusu cha juisi ya matunda yatosha, ukizidisha yawa raba.

Tena kwa joto letu hili gelatini ukiiweka mezani ukienda kuitikia hodi warudi yashalegea. Chaina grasi haiyeyuki na joto la watu, yataka moto wa kuchemka. Sikukuu sinia lakaa mezani wageni waja waenda nayo imesimama vilevile.

#6 SinaOveni

Nafurahi na nyie lakini mnaongea digrii 160 kama kila mtu ana oveni. Mimi nina jiko la mkaa na mtungi mdogo wa gesi, niendelee kusoma au nikalale

#7 BiMkubwaWaKibokoni (Mombasa)

Usilale mwanangu. Mkate wa sinia, mkate wa mayai, vyote twaoka kwa moto juu moto chini, oveni tumezijua juzi. Twaa sufuria kubwa nzito, weka mchanga mkavu chini kama vidole viwili, funika ulishe moto dakika 15. Ingiza trei yako juu ya mchanga. Funika na mfuniko wa bapa, makaa weka juu ya mfuniko. Sasa sikiza hapa, kwa mkate moto wa juu na chini walingana, lakini hii ya jibini chini weka makaa machache kabisa, kama mtu anayezima jiko, kwani biskuti yaungua upesi na ina siagi. Juu ndiyo uongeze kidogo. Dakika 35 hadi 40 kisha ufunue uitikise. Usifunuefunue kila saa, joto lote latoka.

#8 MpishiGeto

Mimi geto nimefanya tofauti, sina mchanga wala subira. Nimechukua sufuria nikaweka maji kidogo chini na kitambaa, trei juu yake imefunikwa foili kwa kubana ili mvuke usidondoshee, moto mdogo wa gesi dakika kama 40. Imeiva kwa mvuke na haijapasuka hata kidogo, ila biskuti ya chini haikua kavu sana nakiri. Friji sina nikamwomba Mangi wa dukani ikalala kati ya soda. Asubuhi naifuata nakuta kona moja haipo. Mangi anasema ni panya. Panya anayefungua friji

#9 KitunguuSwaumu

Panya ana kijiko kabisa

#10 MbishiDaima

Resipi nzuri lakini hakuna anayesema ukweli, hiyo krimu chizi bei yake ni balaa. Kopo moja dogo na wewe unataka gramu 400. Hiki ni chakula cha watu wa Masaki mnatuletea huku.

#11 SufuriaNyeusi

Ndo nilikua nakuja huko. Mara ya nne nilinunua kweli, roho iliniuma. Ila ya tano na ya sita nimetumia mtindi. Lita 2 za mtindi mzito usio na sukari, mwaga kwenye kitambaa safi chepesi, mimi kipande cha kanga kuukuu iliyochemshwa, funga uning'inize juu ya bakuli usiku mzima NDANI ya friji maana ukiuacha nje na joto hili unachachuka. Asubuhi maji yameshuka bakuli limejaa, kwenye kitambaa umebaki donge kama jibini. Kwangu lita 2 zinanipa zaidi ya hizo gramu 400, inategemea mtindi wenyewe ni mzito kiasi gani.

#12 MbishiDaima

Hiyo sasa si krimu chizi, ni mtindi uliokamuliwa. Tusidanganyane. Kitu cha kweli ni maziwa yaliyoongezwa krimu yakagandishwa, Marekani sheria yao inataka mafuta yasipungue asilimia 33. Mtindi wako hata ukiukamua mpaka kanga ilie hufiki huko.

#13 MdauWaMaabara

Mbishi leo uko sahihi (wadau wekeni alama kwenye kalenda). Mtindi wa maziwa kamili ukichujwa mafuta yanakua kama asilimia 10 hivi, ndo maana ukioka peke yake unatoa majimaji na unakua na chengachenga. Lakini dawa ipo. Kwa gramu 400 za huo mtindi ongeza siagi laini gramu 50 au krimu nzito vijiko vinne, na wanga kijiko kimoja cha chakula, hiyo hiyo kastadi inafaa. Wanga unanyonya yale maji yanayotaka kutoka wakati mayai yanakaza. Ndimu acha, mtindi una uchachu wake tayari.

Na kama mnapenda historia, hiyo krimu chizi ya Marekani ilianza kutengenezwa na muuza maziwa mmoja William Lawrence huko Chester, jimbo la New York, miaka ya 1870. Lile jina la Philadelphia mnaloliona kwenye pakiti lilibandikwa 1880 wakati haikua inatengenezwa huko, ni kwamba mji wa Philadelphia ulikua na sifa ya maziwa mazuri wakaazima jina. Kwa hiyo hata wao walianza na ujanjaujanja.

#14 MbishiDaima

Kama mchele wa Mbeya unaouzwa na gunia lisilojua Mbeya iko wapi. Sawa nimekubali, nitajaribu huo mtindi na siagi. Nikiharibu nakuja hapahapa.

#15 NgoweTamu (Malindi)

Watu wa Dar na dodo zenu za nyuzi, poleni. Huku tuna ngowe, haina nyuzi kabisa, ina rangi ya machungwa ndani hata kastadi haihitaji kusaidia rangi. Ama apple, ile embe ya duara, nyama yake laini sana. Hakuna kuchuja. Mimi badala ya mtindi natumia maziwa lala, lakini yale ni mepesi yanataka kuchujwa siku nzima na usiku, ukifinya kwa haraka unapitisha na mafuta yenyewe.

Swali, naweza kuweka embe juu kabla ya kuoka vyote viive pamoja? Nachukia kusubirisubiri.

#16 SufuriaNyeusi

Unaweza dada ila embe zinazama ndani ya jibini na zinatoa maji humohumo, katikati inabaki bwabwa. Nilishawaza hivo hivo kwenye ile ya tano, nikaweka vipande vichache tu kujaribu upande mmoja, upande huo ulichelewa kuiva upande wa pili ukakauka. Ukitaka matunda yaokwe pamoja tafuta yasiyo na maji mengi.

#17 BaridiYaUsambara (Lushoto)

Hapo nimeitwa mimi. Huku kwetu msimu huu pichesi na plamsi zimejaa, watoto wanauza kwenye ndoo barabarani. Pichesi zile ngumungumu kidogo, kata vipande vyembamba kama mwezi, zipange juu ya jibini kabla ya kuoka, nyunyiza sukari kijiko kimoja na mdalasini, oka dakika 5 zaidi ya alizosema mleta uzi. Hazizami sababu ni nyembamba na hazitoi maji kama embe. Ngozi usitoe. Plamsi zina uchachu mkali, hizo pika kama embe na sukari zaidi, rangi yake nyekundu juu ya jibini jeupe utafikiri umenunua.

Ila zilizoiva mpaka zinabonyea kuleni tu, msioke.

#18 MtuWaMuscat

Ndugu zangu salaam kutoka Oman. Huku labne imejaa kila duka, ni huohuo mtindi uliochujwa, unanunua tu kikopo unaendelea na safari, huna haja ya kuning'iniza kanga. Nami naitia siagi kama alivyosema mdau na inatoka vizuri sana, juu naweka tende zilizopikwa na maji kidogo na iliki mpaka zikawa kama jamu. Tende hazina maji ya kumwaga kwa hiyo hata kastadi sitii, na sukari ya kwenye jibini napunguza nusu.

Tahadhari moja. Kuna zile jibini za kupaka za kwenye gilasi, zimeandikwa krimu chizi kubwaa kwa mbele. Soma nyuma. Ukiona wametaja chumvi za kushikanisha ujue ni ndugu wa zile pembetatu za mleta uzi. Nilishatengeneza na hiyo, mke wangu akaniuliza kama nimelia juu ya keki.

#19 SufuriaNyeusi

Hahaha kumbe siko peke yangu, afadhali

#20 SinaOveni

Leteni ngoma. Nimepika jana Jumamosi, moto juu moto chini kama alivyoelekeza Bi Mkubwa. Mtindi lita 2, siagi, kastadi. Trei sina nimetumia sufuria ndogo isiyo na mikono. Dakika 35 nimefunua imeshika pembeni katikati inacheza nikasema hii haijaiva mleta uzi ananidanganya, nikaiongezea dakika 15. Imepasuka katikati kama shamba la kiangazi. Halafu umeme ukakatika saa 2 usiku mpaka alfajiri, friji ikawa kabati tu. Asubuhi imeshika nusunusu.

Lakini ladha jamani. Embe nimeimwagia juu ufa haukuonekana. Dada yangu alikula vipande vinne akasema ni kavu kidogo, kavu kidogo vipande vinne.

#21 BiMkubwaWaKibokoni (Mombasa)

Nilikwambia uitikise, sikukwambia uitilie shaka. Yai laendelea kuiva na joto lake wenyewe hata ukishaepua. Na umeme ukikatika usifungue friji, baridi yakaa ndani masaa kadhaa. Wewe naona ulifungua kuangalia.

#22 SinaOveni

Mara tano bi mkubwa. Shikamoo

#23 BiMkubwaWaKibokoni (Mombasa)

Marahaba.

#24 MbishiDaima

Nimerudi. Sikuharibu, samahanini kwa kuwakatisha tamaa mliokua mnanisubiri. Mtindi na siagi vimeelewana, ndani laini, mkato umetoka msafi, kisu nilichovya kwenye maji ya moto nikifuta kila nikikata. Bado nasema siyo krimu chizi, uchachu wake ni wa mtindi, lakini mke wangu hajui hiyo asilimia 33 na hajauliza.

Ila mleta uzi kuna kitu hukutuambia, nimebaki na karibu lita nzima ya yale maji ya njano yaliyochuruzika kwenye kitambaa. Namwaga au?

#25 SufuriaNyeusi

Usimwage kaka! Kandia chapati. Badala ya maji weka hayo, punguza chumvi kidogo, unga uache upumzike nusu saa. Mimi leo asubuhi nimesukuma kumi na mbili, zimebaki mbili na hizo nimezificha.